Msasa na Gobore la Babu

Kosa nitakalolisimulia leo ni langu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Nilikuwa na umri wa miaka 16, nimekwenda likizo kwa babu yangu huko Unyamwezi, na kwa kuwa mavuno yalikwisha na sikuwa na kazi, nikaazimia kumfurahisha mzee. Ukutani mwa chumba chake lilitundikwa gobore alilorithi kwa baba yake, na kando yake kibali cha serikali kilichotiwa katika fremu kama picha ya harusi. Mtutu wake ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, mtambo mweusi, na ubavuni mwa kitako palipigiliwa kibati cha shaba chenye maandishi madogo ya herufi za Kiarabu, ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuyasoma. Nilichukua msasa, majivu na ndimu, nikafanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Babu aliporudi alilikuta gobore linang'aa kama sufuria mpya. Hakunigombeza. Alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kile kibati ambacho sasa kilikuwa kitupu na laini kama kucha, kisha akaniuliza: "Babu, huyu sasa ni nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa miaka mingi sikuelewa hata uzito wa swali lenyewe. Nililielewa baadaye sana, nilipoanza kusoma habari za watu ambao hawana uhusiano wowote na Unyamwezi. Wako watu, wengi wao Marekani na Ulaya, ambao shughuli yao ni kukusanya bunduki za majaribio, yaani zile zilizotengenezwa moja moja kwa mkono wa fundi kabla kiwanda hakijaamua kama kitazitoa kwa wingi au kitaziacha. Miongoni mwao kuna walioshika tawi jembamba zaidi: raifoli ndogo zinazotumia risasi za ukingo, pamoja na ndugu zake wa mtutu laini. Mjadala wao mkubwa, ambao umevunja urafiki wa watu wazima, ni huu: kitu cha namna hiyo kikikufikia kimechakaa, ukitengeneze au ukiache?

Yafaa kwanza nieleze maneno haya, maana si kila msomaji amewahi kushika bunduki, na wala sishauri aanze leo. Raifoli ina mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, ili risasi itoke ikijizungusha kama pia na kwenda sawa. Mtutu laini hauna mifuo. Ni kama bomba, nao hufaa kurushia marisau. Gobore ni la mtutu laini: baruti na marisau hutiwa kwa mdomoni, vikashindiliwa kwa mdeki, kisha moto huletwa na gumegume au na fataki iliyovishwa penye tundu la nyuma. Mwaka 1845, huko Paris, fundi mmoja Mfaransa aitwaye Louis-Nicolas Flobert aliitazama hiyo fataki, akapata wazo jepesi ajabu: badala ya fataki kuiwashia risasi moto kutoka nje, kwa nini risasi yenyewe isipandikwe juu ya fataki? Akabandika kijirisasi kidogo mdomoni mwa fataki, bila baruti nyingine yoyote, na Wafaransa wakawa na bunduki ya kuchezea shabaha sebuleni mwao baada ya chakula. Sijui wake zao walisemaje.

Katika risasi ya namna hiyo, ganda ni jembamba, la shaba, na unga wa kulipuka umetandazwa ndani ya ukingo wa kitako chake. Nyundo hugonga ukingo huo, ukabonyea, unga ukawaka. Kwa sababu ukingo sharti uwe laini hata ubonyee, ganda haliwezi kuhimili nguvu kubwa. Ndiyo maana bunduki nzito zilihamia kwenye risasi zinazogongwa katikati, na risasi za ukingo zikabaki kwa bunduki ndogo. Wamarekani Smith na Wesson walitoa bastola yao ya kipenyo cha .22 mwaka 1857. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya raifoli yenye kubeba risasi 15 katika magazini yake na moja zaidi ndani ya mtutu. Kampuni ya Winchester iliyorithi kazi yake ilipiga herufi H kwenye kitako cha risasi zake za ukingo kwa miaka mingi, kwa heshima yake. Na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ilitoa ile risasi ya .22 ndefu ambayo hadi leo hutumika duniani kote kwa kufundishia shabaha.

Upande wa mtutu laini, Ulaya ilikuwa na bunduki ndogo za bustani, za marisau membamba, za kufukuzia ndege kwenye matunda na panya ghalani. Huko Marekani ulizuka mchezo wa kutungua visahani vidogo vya udongo kwa bunduki za .22 zisizo na mifuo. Mchezo haukudumu, na bunduki zake zikabaki chache. Uchache huo ndio unaowavuta wakusanyaji.

Lakini bunduki ya majaribio ni kitu kingine kabisa. Ile haikukusudiwa iuzwe, wala haikukusudiwa ipendeze. Ukiitazama utaona alama za tupa, tundu lililotobolewa pasipofaa likazibwa na kutobolewa jingine pembeni, mstari uliochorwa kwa sindano kuonyesha fundi aishie wapi, kipande kilichounganishwa kwa risasi ya kulehemia kwa kuwa kilipunguzwa kupita kiasi. Chuma chake mara nyingi hakikutiwa rangi. Kwa jicho la mtu wa sokoni ni bunduki mbovu iliyoachwa njiani. Kwa mtu anayejua kuisoma, ni fikra za fundi zilizogandishwa katika chuma: hapa alikosea, hapa akagundua, hapa akakata tamaa.

Kwa muda mrefu serikali ya Marekani yenyewe iliutambua uzito wa vielelezo. Hadi mwaka 1880, mvumbuzi aliyetaka hataza alitakiwa kwa kawaida kupeleka kielelezo cha uvumbuzi wake, cha bunduki au cha cherehani. Moto wa mwaka 1877 katika Ofisi ya Hataza ya Washington uliteketeza makumi ya maelfu ya vielelezo hivyo, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyovifanya vilivyosalia kuwa adimu.

Kuna kisa cha John Moses Browning wa Ogden, jimbo la Utah, ambacho wakusanyaji hawachoki kukirudia. Mwishoni mwa miaka ya 1880, yeye na nduguye Matthew walibuni raifoli ya .22 inayoshindiliwa risasi kwa kuvuta mkono wa mbele. Yasimuliwa kwamba walipeleka michoro kwa Winchester, na wahandisi wa kiwanda wakawajibu kwa heshima kuwa kitu hicho hakiwezi kufanya kazi. Browning hakubishana. Aliingia karakanani, akaitengeneza kwa mkono, akaituma inafyatuka. Kiwanda kiliitoa kwa jina la Modeli ya 1890, na kabla haijaachwa zilikwisha tengenezwa zaidi ya laki nane. Hata hivyo, katika mambo mengi aliyoiuzia kampuni ile, mengi hayakutengenezwa kamwe. Yalinunuliwa ili washindani wasiyapate. Kwa hiyo kuna bunduki za Browning ambazo ziko moja tu duniani, nazo ni hizo za mkono wake. Baadhi ya kazi zake zimehifadhiwa huko huko Ogden, katika jengo la zamani la stesheni ya reli. Mkusanyiko wa Winchester wenyewe ulipelekwa mwaka 1975 katika mji mdogo wa Cody, jimbo la Wyoming, ambako jumba lake la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1991 na kukarabatiwa upya mwaka 2019.

Mwingine ni David Marshall Williams wa North Carolina. Huyu alihukumiwa mwaka 1921 kwa kifo cha naibu wa mkuu wa polisi, aliyeuawa katika msako wa mitambo ya pombe ya magendo. Gerezani aliwekwa kwenye karakana, na mkuu wa gereza, kwa uamuzi ambao sidhani ungekubaliwa mahali pengine popote, akamruhusu kutengeneza bunduki kwa mabaki ya vyuma. Aliachiwa mwaka 1929. Uvumbuzi wake mmoja ulihusu risasi za ukingo hasa: chumba kidogo cha risasi chenye kusogea, ambacho kilikuza nguvu ya msukumo wa nyuma hata risasi dhaifu ya .22 ikaweza kuendesha silaha nzito. Faida yake ilikuwa kwamba askari wangejifunza shabaha kwa risasi za bei nafuu. Williams alifariki mwaka 1975, na karakana yake nzima, pamoja na tupa zake na misumari yake, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Historia huko Raleigh. Naona wale waliohifadhi karakana nzima walifanya jambo la busara kuliko wangechukua bunduki tu na kuzipanga katika kabati la kioo.

Kitu kinapokuwa adimu, walaghai hawakosi. Bunduki ya majaribio mara nyingi haina namba, na wajinga hudhani basi kila bunduki isiyo na namba ni ya majaribio. Kabla ya sheria ya mwaka 1968, viwanda vya Marekani havikulazimika kupiga namba kila bunduki, na raifoli rahisi za .22 zilitoka kwa malaki zikiwa hazina namba yoyote. Mlaghai huchukua mojawapo ya hizo, akaifuta alama za kiwanda, akaipiga tupa hapa na pale, akamtafuta tajiri. Mkusanyaji makini huuliza karatasi: kibandiko cha kiwanda, barua ya fundi, picha ya zamani, daftari la stoo. Kisha huzitazama alama za tupa zenyewe kwa kioo cha kukuzia, maana tupa iliyopita juu ya chuma miaka 100 iliyopita ina kutu yake ndani ya mikwaruzo, na iliyopita mwezi jana haina.

Hapo ndipo lilipo jibu la ule mjadala. Ushahidi wote uko juu ya ngozi ya chuma, katika unene usiozidi wa karatasi, nao msasa hauchagui. Mwenye kuipiga msasa bunduki ya majaribio ili ipendeze amefuta alama za tupa, mistari ya sindano na kutu ya mikwaruzo kwa pamoja, na kilichobaki mkononi mwake hakitofautiani na ile ya mlaghai. Kwa maneno mengine, amemsaidia mlaghai. Wapo wanaosema kitu kilichotengenezwa kifanye kazi sharti kifanye kazi, na kwamba bunduki iliyovunjika nyundo ni maiti. Siwadharau, fundi aliyeiunda alitaka ifyatuke. Lakini hata miongoni mwao, walio waungwana huchonga kipande kipya pasipo kukigusa cha zamani, wakakipiga alama na mwaka ili asidanganyike atakayekuja baada yao, na kile kilichovunjika wakakitia katika bahasha pamoja na bunduki.

Huenda msomaji anajiuliza mambo haya ya Utah na Wyoming yanatuhusu nini. Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwezi Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 aliorodhesha silaha za msafara wake. Mlikuwemo raifoli moja ya Henry na moja ya Winchester, zote mbili za risasi za ukingo, bunduki moja ya mitutu miwili laini, na magobore 24 ya gumegume. Hebu itazame orodha hiyo kwa makini: raifoli zile za kisasa, miaka michache tu tangu zibuniwe, zilikuwa za mkuu wa msafara, magobore yalikuwa ya askari wa msafara. Njia hiyo ilipita Unyanyembe, na hao ndio watu wa kwetu.

Tena mgawanyo huo ukaja kufanywa sheria. Mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Basi wakati Browning anachonga raifoli ya .22 kwa ajili ya watoto wa Marekani kujifunzia shabaha, mtu mzima wa huku alikuwa hana ruhusa ya kununua kitu kilichozidi gobore. Nililipiga msasa gobore la babu bila kujua kwamba lilikuwa hati ya historia hiyo.

Niseme maneno machache kwa yule ambaye nyumbani kwao kuna kitu kama hicho. La kwanza ni uhai. Magobore mengi yaliwekwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, na baruti iliyokaa pakavu haisahau kazi yake hata ikipita miaka 100. Ukilikuta gobore lisilo na kibali, usilibebe njiani wala usilijaribu. Toa taarifa polisi, nao waje. Lenye kibali nalo lisiguswe kabla fundi mwenye leseni hajalikagua. Yeye hupitisha mdeki ndani ya mtutu taratibu, akalinganisha urefu wake wa ndani na wa nje, na kina kikipungua basi mna kitu.

La pili ni mkono. Jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo mama wa kutu. Shika chuma kwa kitambaa. Kutu nyekundu inayomeguka hulainishwa kwa mafuta mepesi ya cherehani kwa siku kadhaa, kisha ikakwanguliwa kwa kijiti au kipande cha pembe, chenye ulaini kuliko chuma. Kutu ya kahawia iliyotulia iache, hiyo ni ngozi. Mwishoni pakaa nta, kidogo sana. Mafundi wa British Museum huko London walibuni katika miaka ya 1950 nta maalumu ya makumbusho ambayo hutumika hadi sasa, na sifa yake kuu ni kwamba huweza kuondolewa tena. Ndimu na majivu viacheni jikoni.

Nami nilipata nafasi ya pili, ijapokuwa nusu. Babu alikwisha tangulia mbele ya haki, na kibali kiko kwa baba yangu mdogo. Miaka miwili iliyopita aliniita kwa sababu kitako kimeingia ufa, na fundi alipaswa kuutoa mtutu katika mti wake, jambo ambalo kwa kumbukumbu ya familia halijapata kufanywa. Chini ya mtutu, mahali msasa wangu haukufika, palikuwa na muhuri mdogo wa umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota. Ni muhuri wa ukaguzi wa mji wa Liège, Ubelgiji, ambao viwanda vyake, kama vile vya Birmingham, viliunda bunduki nyingi kwa biashara ya Afrika. Juu ya muhuri hapakuwa na taji, na taji liliongezwa mwaka 1893. Kwa hiyo gobore letu lilikaguliwa kabla ya hapo. Babu alikuwa akisema baba yake alilipata alipokuwa mpagazi wa misafara, nasi vijana tulikuwa tukitabasamu.

Kikabaki kile kibati. Nilikuwa nimesoma kwamba maandishi yaliyofutwa huweza kuonekana kwa mwanga wa kando, basi tulifunga madirisha, baba mdogo akashika tochi karibu na meza, nami nikakiinamisha kitako polepole. Tulikaa hivyo karibu nusu saa. Pembeni kabisa, karibu na msumari, tuliona mkia wa herufi moja. Mwalimu wa madrasa tuliyemwita alisema yaweza kuwa mim, yaweza kuwa waw. Fundi akaurudisha mtutu mahali pake, baba mdogo akakipaka kibati nta, na gobore likarudi ukutani.